Gorogoro ya Ndengu na Miaka Mia Tatu

Katika soko la Kalundu, mjini Kitui, ndengu hupimwa kwa gorogoro. Ni mkebe wa kilo mbili uliomaliza kazi yake ya kwanza ya kubeba mafuta ya kupikia, ukapewa ya pili ya kuwa mizani. Mama muuzaji huchota, huutikisa kidogo punje zishikamane, kisha huongeza kichuguu juu iwapo mteja ni wa siku zote. Kichuguu hicho hakimo katika takwimu zozote za pato la taifa, lakini kila mnunuzi anakijua, na asipokiona huondoka. Gorogoro 45 hujaza gunia la kilo 90. Tuanzie hapo.

Tuchukue ekari moja ya ndengu, msimu mmoja, mvua imekubali. Tuseme imetoa magunia matatu na mnunuzi amelipa shilingi 80 kwa kilo pale shambani. Gunia ni shilingi 7,200, yote matatu 21,600. Sasa toa plau ya ng'ombe 2,500, mbegu kilo sita 1,200, dawa ya wadudu mara mbili 1,800, magunia na usafiri 1,100. Zimebaki 15,000. Lakini kuna kupanda, palizi mbili, kuchuma mara mbili au tatu kwa sababu maganda ya ndengu hayakauki kwa pamoja, kupura kwa fimbo na kupepeta. Weka siku 45 za mtu mmoja. Kila siku imelipa shilingi 333. Hesabu hii ni ya mfano. Mwenye shamba lake aweke bei zake, aone kama atafika mbali sana na hapo.

Kwa dola moja kubadilishwa kwa shilingi 129, siku hiyo ni dola 2.58. Marekani, kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijaguswa tangu Julai 2009. Saa nane ni dola 58, yaani shilingi 7,482. Mara 22 ya siku ya ndengu. Na huyo wa dola 58 si daktari wala mhandisi. Ni mfagiaji, mtu anayehesabiwa maskini huko kwao.

Jasho si hoja. Anayeinama kupalilia Mutomo, Kitui, saa saba mchana hatolei kazi jasho pungufu kuliko anayesukuma mashine ya kufagia duka kubwa huko Texas. Swali linalowasumbua wachumi kwa miaka 70 ni jingine: je, pengo hili linafungika lenyewe kadiri miaka inavyokwenda, au lipo la kukaa?

Jibu la matumaini lina mwanzo wake katika makala ya Robert Solow ya mwaka 1956. Nitalieleza kwa lugha ya shamba. Pampu ya kwanza ya maji ukiipeleka kwenye shamba kavu la Kibwezi, hubadilisha maisha: mahali palipotoa msimu mmoja wa kubahatisha panatoa mboga mwaka mzima. Pampu ya pili inasaidia. Ya kumi inakaa stoo. Nchi tajiri tayari ina pampu kumi, kwa hiyo kila shilingi mpya inayowekezwa kule inazaa kidogo. Nchi maskini haina hata moja, basi shilingi ya kwanza huku izae sana. Ikiwa ni hivyo, maskini atakua haraka kuliko tajiri, na mwisho watakutana. Wachumi huita jambo hili kukaribiana kwa vipato.

Hesabu ya kwanza iliyotikisa watu ilitoka kwa William Baumol mwaka 1986. Alichukua nchi 16 zenye viwanda, akazirudisha nyuma hadi 1870, akaona kweli: zilizoanza chini zilipanda haraka zaidi. Miaka miwili baadaye Bradford DeLong akaiharibu sherehe. Nchi zile 16, alionyesha, zilichaguliwa kwa sababu leo ni tajiri. Ni kama kwenda kwenye karamu ya waliofaulu mtihani na kuwauliza kama shule ilikuwa nzuri. Mwaka 1997 Lant Pritchett akamalizia kazi: kwa makadirio yake, nchi tajiri kuliko zote ilikuwa na kipato kama mara 9 ya maskini kuliko zote mwaka 1870, na kufikia 1990 ni mara 45. Dunia haikukaribiana. Ilitawanyika.

Kenya iko wapi katika mchezo huu? Takwimu za Benki ya Dunia, kwa dola za wakati huo, zinatupa picha ambayo sijaona ikisemwa vya kutosha. Mwaka 1960 pato la kila Mkenya lilikuwa takriban dola 100 na la Mmarekani takriban 3,000. Tofauti mara 30. Mwaka 1980 Mkenya alikuwa na karibu dola 450, Mmarekani 12,500: mara 28. Tulikuwa tumesogea, ingawa kwa unyayo tu. Kisha ikaja ile miaka ambayo kila mzazi wa Kikenya anaikumbuka kwa bei ya unga na ada ya hospitali. Mwaka 2002 Mkenya alikuwa bado na dola 400 hivi, na Mmarekani amefika 38,000. Zaidi ya mara 90! Baada ya hapo kamba ikalegea tena: mwaka 2023 Mkenya dola 1,950 hivi, Mmarekani zaidi ya 82,000. Mara 42.

Soma nambari hizo mara mbili. Anayetaka kukushawishi kwamba Kenya inawafikia matajiri atakuanzishia hesabu mwaka 2002, na atakuwa amesema kweli. Anayetaka kukuambia tumeachwa ataanzia 1960, naye atakuwa amesema kweli. Hata ile hadithi tunayopenda kuisimulia kwenye matanga na harusi, kwamba wakati wa Uhuru tulikuwa sawa na Korea Kusini, inahitaji kurekebishwa kidogo. Mwaka 1960 wao walikuwa na dola 158. Walikuwa mbele kwa nusu na zaidi, ila wote tulikuwa wa kuhurumiwa. Leo Mmarekani hamzidi Mkorea hata mara tatu.

Je, ni miaka mingapi imebaki? Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wasiopenda hisabati wavumilie aya mbili.

Ukichukua kasi ya pengo la dola kutoka 2002 hadi 2023 na kuinyoosha mbele, tutakutana na Marekani baada ya miaka 96 hivi. Karne moja, wajukuu wa wajukuu. Lakini dola ni kipimo chenye kigeugeu. Mwezi Januari 2024 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 160, na kabla ya mwaka kuisha ikawa 129, na hakuna ndengu hata moja iliyoongezeka Kitui kwa sababu hiyo. Kipimo cha haki zaidi ni ukuaji halisi. Uchumi wa Kenya hukua kwa asilimia 5 hivi katika mwaka wa kawaida. Watu waliongezeka kwa asilimia 2.2 kwa mwaka kati ya sensa ya 2009 na ya 2019. Kwa kila kichwa inabaki asilimia 2.7. Marekani, kwa kila kichwa, tuipe 1.5. Pengo la mara 42 likiliwa kwa kasi hiyo linahitaji zaidi ya miaka 300.

Wapo watakaosema, na ni kweli, kwamba shilingi hununua zaidi mjini Wote, Makueni, kuliko thamani yake kwa dola inavyonunua New York: kinyozi ni rahisi, nyumba ni rahisi. Ukirekebisha kwa uwezo wa kununua, pengo linashuka hadi kati ya mara 12 na 14. Miaka 300 na zaidi inakuwa kama 210. Sijui kama hiyo ni habari njema.

Na kuna mtego mwingine. Asilimia 2.7 ya dola 1,950 ni dola 53. Asilimia 1.5 ya dola 82,000 ni dola 1,230. Yaani hata katika mwaka ambao tumewashinda kwa kasi, wao wameongeza juu ya kipato chao kiasi kinachokaribia theluthi mbili za kipato chetu chote. Uwiano unapungua na umbali unaongezeka, vyote kwa wakati mmoja. Wanasiasa hutumia cha kwanza, kijana anayejaza fomu za kwenda Ghuba anakiona cha pili.

Tushuke sasa kutoka kwa mataifa hadi vilima vya Mbooni, kwa sababu huko kuna ushahidi ambao vitabu vingi vya uchumi duniani vimeutaja. Makueni ilikatwa kutoka Wilaya ya Machakos mwaka 1992. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya ile kama nchi inayokufa: udongo umesombwa, mifugo imezidi, watu wamejaa. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichorudi kuiangalia ardhi ileile baada ya miaka 60. Watu walikuwa wameongezeka kutoka robo milioni hivi hadi milioni 1.4. Na udongo ulikuwa umetulia. Vilima vilikuwa vimechongwa matuta ya fanya juu, ambayo unachimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu ili mvua ijenge ngazi yenyewe. Kazi ilifanywa na vikundi vya mwethya, jembe na wimbo, wengi wao akina mama, na fedha za majembe zilitoka mara nyingi kwa mume au kaka aliyeajiriwa Nairobi au Mombasa. Thamani ya mazao kwa kila mtu ilipanda zaidi ya mara tatu.

Huu ni muujiza, na sina neno dogo zaidi la kutumia. Lakini weka kikokotoo mezani. Mara tatu kwa miaka 57, kutoka 1930 hadi 1987, ni ukuaji wa asilimia 2 hivi kwa mwaka. Na Marekani, ukiangalia karne nzima, imekuwa ikikua kwa kila mtu kwa kasi ya asilimia 2 hivi kwa mwaka. Vizazi viwili vya kuchimba mlima kwa mikono, wilaya ikageuka mfano wa kufundishia vyuo vikuu, na malipo yake yalikuwa kutoachwa zaidi. Unakimbia usiku na mchana ili ubaki umbali uleule. Tangu nilipopiga hesabu hii siwezi kupita Kilungu bila kuyahesabu yale matuta.

Ndiyo maana ninaamini swali la kukaribiana linafaa kuulizwa kwanza ndani ya nchi, kabla ya kulipeleka Washington. Kitui na Makueni ni mahali pazuri pa kuliulizia. Ni watu wa lugha moja, Kikamba, wenye mvua mbili zenye kigeugeu kilekile, ambapo ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo yenye kutegemewa. Katika utafiti wa matumizi ya kaya wa 2005/06, watu kama sita kati ya kumi pande zote mbili walikuwa chini ya mstari wa umaskini, wakati wastani wa taifa ulikuwa karibu asilimia 46. Miaka kumi baadaye, utafiti wa 2015/16 uliweka mstari kwa watu wa mashambani kuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi. Taifa likashuka hadi asilimia 36.1. Makueni ikashuka hadi 34.8, ikaupita wastani wa taifa. Kitui ikabaki 47.5.

Tafiti hizo mbili hazikupimwa kwa namna ileile kabisa, kwa hiyo usiziapie nukta. Hata hivyo tofauti ya karibu pointi 13 kati ya majirani waliosimama mstari mmoja si ya kupuuzwa. Makueni ilikaribiana na nchi. Kitui ilisogea kwa mwendo wa nchi, ikabaki nyuma kwa pointi kumi na moja.

Nini kiliwatenganisha? Gavana, watasema wengi, na Kivutha Kibwana, aliyekuwa gavana wa Makueni, anastahili sifa alizopata: mpango wa afya wa Makueni Care, ulioanza 2016, ulitoza kaya shilingi 500 kwa mwaka, na kila anayejua jinsi kitanda cha hospitali kinavyouza ng'ombe ataelewa uzito wake. Lakini utafiti wa 2015/16 ulifanyika serikali za kaunti zikiwa na umri wa miaka miwili na nusu hivi. Gavana hawezi kupewa sifa ya mwaka 2006.

Anza badala yake na ramani ya 1896. Reli ya Mombasa ilipokuja ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu. Barabara kuu ikafuata reli. Mwaka 2017 treni mpya ikafuata barabara, na vituo vyake vya Mtito Andei, Kibwezi na Emali viko Makueni. Kila kizazi cha wahandisi kiliangalia pale kilipopita kilichotangulia. Kitui, kaunti yenye kilomita za mraba zaidi ya 30,000, karibu mara nne ya Makueni, haina hata kituo kimoja cha reli. Makueni wanabanana watu 121 kwa kilomita ya mraba ukichukua kaunti nzima, Kitui 37. Kupeleka nguzo ya umeme, bomba au lami kwa familia moja Kitui kunagharimu zaidi kwa sababu tu jirani yuko mbali.

Halafu kuna waraka. Sessional Paper nambari 10 ya 1965, iliyoweka dira ya uchumi wa Kenya huru, ilisema wazi kwamba fedha za maendeleo ziende zaidi mahali zitakapozaa haraka: penye ardhi nzuri, mvua, usafiri, umeme. Huo ni ubashiri wa Solow ukipinduliwa miguu juu. Solow aliamini shilingi ya kwanza huzaa zaidi penye ukame wa mitaji. Waliotunga waraka waliamini huzaa zaidi penye utajiri tayari. Na wote wawili wana hoja, maana pampu haizai kitu pasipo mto, na embe halizai kitu pasipo barabara. Mtaji hutafuta mtaji mwenzake. Kitui ilikuwa nje ya sehemu zilizopendelewa kwa takriban nusu karne.

Katiba ya 2010 ilijaribu kulipa deni hilo. Kifungu cha 203 kinazipa kaunti zote pamoja si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kufuatia fomula iliyoanza kutumika 2021/22, Kitui ilipata shilingi bilioni 10.39, Makueni 8.13, Nairobi 19.25, kati ya bilioni 370. Gawanya kwa watu wa sensa ya 2019. Kila mtu wa Kitui alipata 9,148 kwa mwaka, wa Makueni 8,235, wa Nairobi 4,378. Kwa maandishi, ulikuwa upendeleo wa mara mbili kwa kijiji. Kwa siku, mtu wa Kitui alikuwa na shilingi 25: maandazi mawili na chenji. Hizo ndizo zilizokuwa za kulipa wauguzi, kuchonga barabara za ndani, kuchimba vidimbwi na kufundisha chekechea. Ni fedha halisi na zimebadilisha mambo, lakini anayedhani shilingi 25 kwa siku zinaweza kuziba shimo la mara 22 hajawahi kununua saruji.

Nguvu kubwa zaidi ya kukaribiana imekuwa miguu. Kati ya sensa mbili, Wakenya waliongezeka kwa asilimia 23.2. Kitui iliongezeka kwa 12.2, kutoka watu 1,012,709 hadi 1,136,187, na Makueni kwa 11.7, kutoka 884,527 hadi 987,653. Kama zingefuata mwendo wa taifa, zingekuwa na watu 213,000 zaidi. Baadhi hawakuzaliwa, kwa kuwa familia zimepungua. Wengine wako Pipeline, Mlolongo, Changamwe, Riyadh. Robert Barro na Xavier Sala-i-Martin walionyesha kwamba ndani ya Marekani majimbo maskini hula asilimia 2 ya pengo lao kila mwaka, nusu ikaisha kwa miaka 35. Sheria ni moja, sarafu ni moja na hakuna anayekuuliza viza ukihama Mississippi kwenda Chicago. Kati ya Wote na Nairobi napo hakuna viza. Kati ya Wote na Texas ipo, na hapo ndipo mashine ya kukaribiana inapokwama.

Wanaovuka hutuma. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma dola bilioni 4.9 na zaidi. Gawia Wakenya wote wa sensa utapata zaidi ya dola 100 kwa kichwa, zikizidi mgao wote wa kaunti kwa kila mtu. Matuta ya fanya juu yalijengwa kwa mishahara ya mjini. Mabati mapya ya Mwingi leo yanajengwa kwa mishahara ya jangwani.

Mtaji je, ule ambao kwa mujibu wa kitabu ulipaswa kuja wenyewe? Robert Lucas aliuliza mwaka 1990 kwa nini hauji, na jibu liko kwenye riba. Mwishoni mwa 2024 benki za Kenya zilikopesha kwa wastani wa karibu asilimia 17. Huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mara kumi na mbili kwa mwaka ni 90. Bei kubwa ya fedha ni ishara kwamba fedha ni haba na zinahitajika, na kitabu kinasema pakiwa hivyo fedha zitamiminika. Hazimiminiki kwa sababu mvua ikikosa mkopo haulipwi. Kati ya Oktoba 2020 na mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilidhoofika Pembe ya Afrika. Rudi kwenye ekari yetu ya ndengu. Ukipata msimu mzuri mmoja na mwingine ukose, gharama za ule uliokosa zinaula ule mzuri, na siku ya shilingi 333 inashuka kuelekea mia na hamsini. Hakuna anayekopesha shamba la namna hiyo kwa riba ya Zurich.

Kwa hiyo mtaji wa kwanza wa Ukambani ni maji yaliyosimama. Bwawa la mchanga ni ukuta wa zege unaokatiza mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa kati ya punje bila kuonekana wala kukauka upesi. Shirika la SASOL limejenga mamia Kitui, Utooni mengine mengi Makueni. Unachimba kisima kifupi mchangani Agosti, wakati mto ni barabara ya punda, na maji yanapanda. Punda hubeba mitungi minne ya lita 20. Safari ya saa nne ikiwa saa moja, kaya imepewa saa tatu, na saa hizo ndizo zinazogeuka mboga, kuku, au mtoto wa kike kufika darasani. Upande wa pili wa kipimo kuna bwawa la Thwake, mpakani mwa kaunti hizi mbili, lililoanza kujengwa 2018 ili libebe mita za ujazo milioni 681 za maji. Ukuta mdogo huanza kulipa mafuriko mawili matatu yakishapita.

Barabara nayo inalipa polepole lakini bila kukosa. Lami ya kilomita 192 inayotoka Kibwezi kupitia Mutomo na Kitui kwenda Migwani ndiyo jibu la kwanza la maana kwa wahandisi wa 1896. Embe la Makueni linatufundisha kwamba lami peke yake haitoshi: mwaka 2014 Kenya ililazimika kujizuia kupeleka maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda, na ikarudi 2021. Kiwanda cha Kalamba, kilichoanza 2017, kinasaga tani 5 za maembe kwa saa, na faida yake kubwa kwa mkulima si juisi bali ni kuwa na pa kumwambia dalali hapana. Dani Rodrik alipopima viwanda peke yake mwaka 2013 alikuta humo kukaribiana kunatokea popote, hata kwenye nchi zinazoendeshwa vibaya. Shida yetu ni kwamba viwanda ni vichache mno.

Michael Kremer, aliyepata Nobel baada ya kazi iliyomfikisha Busia kwa miaka mingi, aliandika na wenzake mwaka 2021 kwamba tangu mwanzo wa karne hii nchi maskini kwa jumla zimekua haraka kuliko tajiri. Kasi waliyoipata iko chini ya asilimia 1 ya pengo kwa mwaka. Nusu ya pengo, karne nzima.

Serikali yenyewe huchapisha kipimo cha umbali wa ndani bila kukusudia. Ni tangazo la kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2018 kibarua wa kawaida Nairobi aliwekewa shilingi 13,572.90 kwa mwezi, wa vijijini 7,240.95. Mwaka 2022 ikawa 15,201.65 na 8,109.90. Novemba 2024 ikawa 16,113.75 na 8,596.49. Uwiano haujasogea: mara 1.87, mara zote tatu. Pengo la shilingi limetoka 6,332 hadi 7,517. Kila nyongeza ilikuwa ya asilimia ileile kwa wote, na kila mara ilitangazwa kama ushindi wa wafanyakazi.

Basi ndugu msomaji, waziri akisoma bajeti na kutaja asilimia 5 huku bunge likipiga meza, usianze kupiga makofi. Toa 2.2 za watu walioongezeka. Toa 1.5 ambazo Marekani nayo imepanda. Kilichobaki ndicho tulichowakaribia mwaka huo, na hata hicho uliza kimefika Mutomo au kimeishia Emali.